Mwanamke Mwenye Bisibisi

Dalali wetu, Dwight Halvorsen, ana meno mazuri
na kadi ya mkaguzi mfukoni, tayari kama karanga.
"Huyu wangu," alisema, "dakika arobaini amemaliza.
Hachelewishi biashara ya mtu."
Nikaipokea, nikaitia kotini.
Usiku nikaitazama tena chini ya taa:
anayelipwa nyumba ikiuzika
ndiye amenichagulia wa kuniambia kama inanunulika.

Mimi ni binti ya Reino Kettunen,
aliyenunua nyumba kwa kupeana mkono
hapa hapa Duluth, mlimani juu ya ziwa, mwezi wa Januari.
Januari kila nyumba ni nzuri.
Theluji haibagui, hufunika paa zima na paa bovu.
Aprili ilipoyeyuka, maji yalishuka ngazi hadi chumba cha chini
kama wageni wanaoijua njia.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilibeba ndoo.
Baba hakulitaja jambo hilo mpaka anakufa,
ila kila mvua iliponyesha
alizima redio, akasikiliza.

Basi nikapiga simu tatu.

Wa kwanza nilimuuliza kama hupanda darini.
"Inategemea," akasema.
Hakusema inategemea nini.

Wa pili alikuwa na leseni, bima, na kicheko kirefu.
Nikamwomba ripoti ya zamani, jina la mteja lifutwe.
Akaleta kurasa mbili za visanduku:
vema, vema, vema, vema,
kana kwamba nyumba ni mtoto wa mwalimu mkuu.
Na kasoro zikipatikana, nani atazitengeneza?
"Usihofu, shemeji yangu ana kampuni."
Nikamshukuru, nikakata.

Wa tatu alipokea akiwa juu ya paa la watu.
Verna Ojala. Sauti ya changarawe, upepo nyuma yake.
"Nitakuja na ngazi yangu. Saa tatu, labda nne.
Na wewe uje, usiniachie peke yangu.
Vaa viatu vya kuchafuka.
Ila dohani siijui sana. Nitaitazama,
nikiitilia shaka utamwita mtu wa dohani."

Nilisimama jikoni, simu sikioni, chai inapoa.
Kati ya wote watatu
ni yeye tu aliyekuwa na kitu asichokijua.

Jumamosi Dwight alikuwa amewasha mishumaa ya mdalasini.
Mlango mwekundu, umepigwa msasa, unang'aa.
Verna hakuugusa. Nyumba njema si mlango,
na huyu hakuja kubisha hodi.
Alizunguka nje kwanza, kimya, mara mbili,
akaona mlizamu unavyomwaga maji miguuni mwa ukuta.
Akatoa bisibisi, akaibonyeza kwenye fremu ya dirisha:
ikazama kama kwenye mkate.
Darini nilisikia magoti yake yakilia juu ya mbao,
na kikohozi, na kalamu.

Chumba cha chini kilikuwa cha kijivu kote
isipokuwa kona moja, nyeupe pe.
Akapiga tochi. "Nani hupaka rangi kona moja?"
Akainama akainusa, kama mtu anayenusa maziwa.
"Ufa umezibwa," akasema, "lakini umezibiwa ndani.
Maji yako nje."

Nikamuuliza, ungekuwa wewe ungeinunua?
Alikuwa anafuta bisibisi kwenye suruali.
"Hilo halimo kwenye malipo yangu."

Ripoti ilikuwa kurasa thelathini na moja, na picha.
Dwight aliacha kutabasamu ukurasa wa kumi na moja.
Bei ikashuka; si sana, ila ilitosha
kuchimba mtaro na kuugeuza mlizamu.
Mtu wa dohani alikuja siku ya Jumanne,
akatoa kiota cha ndege na tofali moja legevu.

Leo mvua inanyesha tangu alfajiri.
Nimeshuka chini na kikombe, nimesimama kwenye kona ile,
nikaweka kiganja ukutani. Pakavu.
Redio nimeizima, hata sikumbuki saa ngapi.